Mchambuzi akae karibu na mkubwa au mbali naye? Ulinganisho wa mifumo mitatu ya kuunganisha taarifa za kiusalama na maamuzi ya serikali

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu mawili yalilipuka karibu kwa wakati mmoja, moja kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyo jijini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi wao walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia.

Kabla ya siku ile, Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington mara kadhaa akilalamika kwamba jengo la Nairobi limekaa barabarani kabisa, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, na kwamba ubalozi uhamishwe. Alimwandikia hata Waziri wa Mambo ya Nje, Madeleine Albright, mwenyewe. Tena Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko, maofisa wa Marekani pamoja na polisi wa Kenya walikuwa wameshapekua nyumba moja ya Nairobi ya mtu aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden, wakaondoka na kompyuta. Pamoja na hayo, katika madaraja rasmi ya hatari ya ugaidi Nairobi ilikuwa imeandikwa "wastani", na Dar es Salaam "chini".

Tume za Marekani za kuchunguza milipuko hiyo, zilizoongozwa na Admirali William Crowe, zilitoa ripoti Januari 1999. Hazikukuta taarifa iliyotaja siku na mahali. Lakini zilisema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada hii: wachambuzi wa taarifa na watunga sera, wote wawili, walitegemea kupita kiasi taarifa mahususi za papo kwa papo katika kupima ukubwa wa hatari. Kila upande ulikuwa unangoja tarehe na saa, na mwenye bomu hatangazi saa.

Ndiyo maana swali la nani akae wapi, mchambuzi na mkubwa wake, si suala la mpangilio wa viti. Nchi mbalimbali zimelijibu kwa njia tofauti, na hapa chini naziweka pamoja kwa ajili ya yeyote anayelazimika kuchagua: ofisa wa wizara, mbunge wa kamati ya ulinzi, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, au mtu wa mkoani anayeshughulikia tahadhari za njaa na mafuriko. Tatizo la huyu wa mwisho ni lilelile, ila yeye hana siri za kuficha.

Njia ya kwanza: ukuta katikati

Sherman Kent alikuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Yale aliyeingia kwenye kazi hii wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuanzia 1952 hadi 1967 aliongoza ofisi ya CIA, shirika la kijasusi la Marekani, iliyokuwa ikiandika tathmini za taifa. Tangu mwaka 1949 alikuwa ameshaandika kwamba mchambuzi akae karibu na mtunga sera kiasi cha kujua anahitaji nini, lakini asikaribie mno hata akapoteza uhuru wa fikra zake. Katika utendaji, nusu ya pili ya maneno hayo ndiyo iliyoshika mizizi. Mchambuzi akabaki kwenye jengo lake, akaandika, akapeleka, akarudi kwenye meza yake.

Faida ya ukuta ni kubwa na tusiidharau. Mchambuzi hajui mkubwa anataka kusikia nini, kwa hiyo hawezi kumwandalia. Rais akibadilika, tathmini haibadiliki.

Hasara yake ilianza kusemwa mwaka huohuo wa 1949. Willmoore Kendall, msomi wa siasa, alimkosoa Kent kwamba anamfanya mchambuzi kuwa mtabiri wa mambo ya ng'ambo, ilhali kiongozi anachotaka ni kusaidiwa aone wapi hatua yake mwenyewe inaweza kugeuza mambo. Ukiichambua nchi jirani kana kwamba serikali yako haipo na haifanyi chochote, umechambua dunia ambayo haipo.

Kisha ikaja Cuba. Tarehe 19 Septemba 1962 ofisi ya Kent ilitoa tathmini kwamba Wasovieti hawaelekei kupeleka makombora ya nyuklia kisiwani. Tarehe 14 Oktoba ndege ya upelelezi ya U-2 ikayapiga picha. Aliyeshuku mapema alikuwa mkurugenzi wa CIA, John McCone, mfanyabiashara wa California ambaye hakulelewa kwenye uchambuzi. Yeye alijiuliza swali la mtu wa biashara: mbona wanatumia fedha nyingi hivi kwa makombora ya kudungua ndege, kama hakuna kitu ambacho hawataki ndege zikione? Akiwa Ufaransa kwenye fungate, aliendelea kutuma simu za maandishi akisisitiza. Wachambuzi wake hawakuibadili tathmini. Baadaye Kent aliitetea kwa hoja kwamba aliyekosea ni Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, kwa kufanya jambo lisilo na busara. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini mkubwa anayetakiwa kuamua kesho asubuhi haimsaidii.

Njia ya pili: kiti pembeni ya mkubwa

Baada ya aibu ya Bay of Pigs, jaribio lililoshindwa la kuivamia Cuba, Aprili 1961, wasaidizi wa Rais Kennedy walitaka muhtasari mfupi unaoingia mfukoni. Ukaanza Juni mwaka huo, na mwishoni mwa 1964 ukawa Muhtasari wa Kila Siku wa Rais, ambao upo hadi leo. Kinachoupa nguvu ni yule mtu anayeuleta. Rais akiuliza "mmejuaje?", swali linarudi kwa mchambuzi siku hiyohiyo. George H. W. Bush, aliyewahi kuiongoza CIA mwaka 1976, aliusoma kila asubuhi ofisa wa CIA aliyeuleta akiwa mbele yake.

Mtetezi mkubwa wa njia hii alikuwa Robert Gates, aliyesimamia uchambuzi wa CIA katika miaka ya 1980 na kuwa mkurugenzi mwaka 1991. Aliamini kwamba mchambuzi asiyejua ratiba ya waziri, mazungumzo anayoyaendea na hofu zake, anaandika kwa ajili ya kabati. Lakini alipokuwa akihojiwa na Seneti mwaka huo wa 1991, baadhi ya waliokuwa chini yake walimshutumu hadharani kwamba aliwahi kuzipinda tathmini za Usovieti ziwapendeze wakubwa. Alikanusha, akathibitishwa, na Machi 1992 akasimama mbele ya wachambuzi wake kuzungumzia namna ya kujikinga na siasa. Hatari yote ya kiti cha karibu imo katika maisha ya mtu huyo mmoja.

Na ukaribu peke yake hauhakikishi kusikilizwa. Muhtasari wa tarehe 6 Agosti 2001 uliomwambia Rais George W. Bush kwamba Bin Laden amedhamiria kushambulia ndani ya Marekani ulikuwa wa 36 mwaka huo kumgusa Bin Laden au al-Qaeda. Kiti kilikuwepo na msomaji alikuwepo. Ila hakuna aliyetakiwa kurudi baada ya wiki kueleza nini kimefanyika.

Upande mwingine wa sarafu ni Ukraine. Katika vuli ya 2021 wachambuzi wa Marekani na Uingereza walisema Urusi inajiandaa kuvamia. Novemba mwaka huo Rais Biden alimtuma mkurugenzi wa CIA, William Burns, hadi Moscow kuwaambia Warusi kwamba tunawaona. Kisha serikali hizo mbili zikaanza kuzitoa taarifa hadharani kabla ya tukio. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama mchambuzi na mtunga sera hawazungumzi kila siku, maana mmoja ndiye anayejua kipi ni kweli na kipi kikitajwa kitamuua mtoa habari, na mwingine ndiye anayejua neno lipi litamzuia nani. Vita havikuzuilika, vilianza tarehe 24 Februari 2022, lakini hakuna aliyeweza kusema washirika hawakuambiwa. Wafaransa walikuwa wakiyaona majeshi yaleyale mpakani, ila tathmini yao ilikuwa kwamba gharama ya vita ingekuwa kubwa mno kwa Putin kuthubutu. Hapo kuna mwangwi wa Cuba: adui anapimwa kwa busara ya mpimaji.

Niongeze mfano mmoja unaovuruga ulinganisho huu, na naupenda kwa sababu hiyo. Ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuna idara ndogo ya uchambuzi iitwayo INR, yenye watu wapatao 300. Imo ndani ya wizara ya sera. Ukaribu zaidi ya huo ni upi? Kwa mantiki ya Kent ilipaswa kuwa ya kwanza kusalimu amri. Lakini tathmini ya taifa kuhusu Iraq ya Oktoba 2002 ilipoandikwa kwa haraka ndani ya wiki chache, INR ndiyo iliyosema kwamba ushahidi hautoshi kuonyesha Saddam Hussein anafufua mpango kamili wa nyuklia, na pamoja na Wizara ya Nishati ikakataa kwamba mabomba ya alumini ambayo Iraq ilikuwa ikiyatafuta ni ya kurutubisha urani. Ilikuwa na wataalamu waliokaa na somo moja miaka mingi, na ilikuwa na desturi ya kuandika "hatukubaliani" kwa jina lake. Kwa hiyo mahali pa kiti ni sehemu tu ya jibu.

Njia ya tatu: meza moja, karatasi moja

Uingereza iliunda Kamati ya Pamoja ya Ujasusi mwaka 1936. Tangu 1957 imo katika Ofisi ya Baraza la Mawaziri. Wanaokaa mezani ni wakuu wa mashirika ya kijasusi pamoja na maofisa wakubwa wa wizara za Mambo ya Nje, Ulinzi, Mambo ya Ndani na Hazina. Rasimu huandaliwa na wachambuzi wa kamati, hupita kwa wataalamu wa idara zote, halafu hukubaliwa mezani. Waziri anapokea karatasi moja. Hapati tatu zinazopingana.

Kwa serikali yenye wataalamu wachache, njia hii inavutia. Hakuna wizara itakayodai haikuambiwa, kwani mtu wake alikuwepo. Na mtu wa wizara anapouliza kikaoni "sisi tunalazimika kuamua kuhusu mkataba huu mwezi ujao, mnaweza kutuambia nini?", uchambuzi unapata mwelekeo.

Udhaifu wake ni wa aina mbili, na kila mmoja una mwaka wake. Argentina ilipovivamia visiwa vya Falkland, vilivyo chini ya Uingereza, tarehe 2 Aprili 1982, tathmini kamili ya mwisho ya kamati kuhusu visiwa hivyo ilikuwa ya Julai 1981. Tume ya Lord Franks, iliyochunguza jambo hilo, ilipendekeza mwenyekiti wa kamati asitoke tena Wizara ya Mambo ya Nje, ateuliwe na Waziri Mkuu na awe na uhuru zaidi. Ukiwa umezoea kujadiliana na nchi kila mwaka, ni vigumu kuwa wa kwanza kusema mazungumzo yamekufa.

Wa pili ni wa Septemba 2002. Serikali ya Tony Blair ilitoa hadharani waraka kuhusu silaha za Iraq, ukibeba heshima ya kamati, wenye dai kwamba baadhi ya silaha zingeweza kuwa tayari ndani ya dakika 45. Hakuna aliyemweleza msomaji ni silaha za aina gani. Tume ya Lord Butler, iliyochunguza taarifa hizo, ilisema Julai 2004 kwamba dai hilo halikupaswa kuingia bila maelezo hayo, na kwamba waraka ulifika kwenye ukingo wa mwisho wa kile taarifa zilichoweza kubeba. Ikapendekeza mwenyekiti awe mtu aliyezoea kushughulika na mawaziri wakubwa na ambaye hayumbishwi na yeyote, pengine akiwa katika wadhifa wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Napenda pendekezo hilo kwa jinsi linavyomjua binadamu: asiyengoja cheo kingine ana wepesi wa kusema hapana.

Karatasi moja ya pamoja pia humeza upinzani. Wamarekani huweka maoni ya anayepinga ndani ya tathmini. Desturi ya London ni kuyasaga maneno mpaka wote wakubali. Lakini hata njia ya Wamarekani ina mwanya, kwa kuwa tathmini yao ya 2002 ilipotolewa toleo la wananchi, maneno kama "tunakadiria" yaliondolewa, na makisio yakasomeka kama mambo yaliyothibitishwa.

Israel ilijaribu kulitibu hili moja kwa moja. Oktoba 1973 ujasusi wa kijeshi ulikuwa karibu ndio sauti pekee ya tathmini, nao ulishikilia kwamba Misri haitapigana, hadi vita vikaanza tarehe 6. Baada ya Tume ya Agranat, iliyochunguza kushindwa huko, kikaundwa kitengo kidogo ambacho kazi yake ni kuandika kinyume cha tathmini inayotawala na kuipeleka juu bila kupita kwa mkuu wa wachambuzi. Wazo ni zuri na gharama yake ndogo. Lakini kitengo hicho kilikuwepo pia tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia. Anayepinga kwa mujibu wa kazi huzoeleka, na akizoeleka hasikiki.

Jambo ambalo mfumo hautalitibu: maneno

Mwaka 1951 Kent na wenzake waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka huo lichukuliwe kuwa "uwezekano wa kutiliwa maanani". Ofisa mmoja wa sera akamuuliza Kent walikuwa na maana gani hasa. Kent akasema yeye alifikiria kama 65 kwa 35. Yule ofisa akashtuka, kwani yeye alikuwa amesoma kitu kidogo zaidi. Kent akarudi kuwauliza wenzake walioidhinisha sentensi hiyohiyo. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20, mwingine 20 kwa 80. Walikubaliana kuhusu maneno bila kukubaliana kuhusu jambo.

Nalielewa hilo kwa machungu yangu. Niliwahi kuandika dokezo, nikiwa ofisini mkoani, kwamba "kuna uwezekano wa upungufu wa mahindi" kabla ya msimu ujao. Faili likapanda, likarudi masjala likiwa na neno moja pembeni: "Nimeona." Bei ilipopanda nikaulizwa kwa nini sikusema. Nilisema, nikaonyesha ukurasa. Mkubwa wangu akausoma tena taratibu, akaniambia kwa upole kwamba yeye alipoona "uwezekano" alielewa haitatokea. Mimi nilikuwa na uhakika wa theluthi mbili. Kosa lilikuwa langu kwa kuchagua neno lisilo na uzito, na lake kwa kutouliza, na hapakuwa na utaratibu wa kutukutanisha.

Baada ya Iraq, Waingereza walitengeneza kipimo ambapo kila neno lina kiwango chake cha asilimia. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunakihitaji zaidi, kwa sababu "huenda", "pengine", "labda" na "yamkini" tunazibadilishana kwa ajili ya uzuri wa sentensi. Ningependekeza kila ofisi ijiwekee chake na kukibandika ukurasa wa kwanza: "karibu hakika" iwe asilimia 95 na zaidi, "inaelekea sana" 80 hadi 90, "inaelekea" 55 hadi 75, "huenda" 40 hadi 50, "haielekei" 25 hadi 35, na kushuka. "Kuna uwezekano" lifutwe kabisa, maana kila kisichokuwa muhali kina uwezekano. Na "inasemekana" lisiandikwe bila kuonyesha kama mwandishi ameona, ameambiwa na aliyeona, au amekisia mwenyewe.

Uchague ipi?

Chagua kwa kuangalia maradhi ya serikali yako, usivutiwe na sifa za mfumo. Kama wakubwa hawasomi, au wanasoma baada ya tukio, ukuta wa Kent utakuua. Unahitaji kiti cha karibu na mtu wa kurudi na maswali. Kama wakubwa wanasoma sana ila wanapenda kusikia walichokwisha kuamua, kiti cha karibu ni sumu. Hapo weka umbali, mwenyekiti aliye kwenye wadhifa wake wa mwisho, na haki ya anayepinga kuandika kwa jina lake ndani ya waraka uleule, tena ukurasa wa kwanza. Na kama tatizo ni wizara kufichana, meza ya London ndiyo dawa, mradi kuwe na mtu mwenye jukumu la kuuliza kila baada ya miezi michache ni nchi gani hatujaitazama upya.

Kwa upande wetu, ibara ya 240 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamweka Mkurugenzi Mkuu wa ujasusi kwenye Baraza la Usalama wa Taifa pamoja na Rais, mawaziri husika, Mkuu wa Majeshi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Meza ipo kisheria. Ila si meza ya London. Kule maofisa huandika kwanza bila wanasiasa, ndipo karatasi inapanda. Hapa anayeleta taarifa na wanaoamua wanakaa kikao kimoja. Panapokuwa hivyo ningeanza kwa kutenganisha vikao viwili: cha kwanza cha maofisa kukubaliana tunajua nini na hatujui nini, cha pili cha wakubwa kuamua, na karatasi ya kikao cha kwanza isibadilishwe neno kwenye cha pili.

Kama ningekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu, nisingeunda chombo kipya. Ningempeleka mchambuzi mmoja mzuri akakae wizarani mwaka mmoja, karibu na Katibu Mkuu, aingie vikaoni, asikie maswali kabla hayajaandikwa, awapelekee wenzake. Asiandike tathmini yoyote akiwa huko. Zinaandikwa na waliobaki. Mwaka ukiisha arudi na aende mwingine, kabla huyu wa kwanza hajaanza kuitetea sera ya wizara kana kwamba ameitunga yeye.